Shajara ya mradi: povu la espresso martini, siku ya 1 hadi ya 16

Lengo limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kaunta: glasi moja ya espresso martini, povu lake liwe na unene wa sentimita moja hivi, libebe punje tatu za kahawa kwa dakika kumi bila kuzama, na kinywaji kilicho chini yake kiwe baridi bila kuwa chapwa. Ugomvi uko kwenye hayo mawili ya mwisho. Kutikisa sana kunaleta baridi na povu, lakini kunaleta na maji.

Kwa asiyeijua kokteli hii: ilibuniwa London katika miaka ya 1980 na Dick Bradsell, mchanganyaji wa vinywaji, na jina lake la kwanza lilikuwa Vodka Espresso. Neno martini lilikuja baadaye, enzi ambazo karibu kila kinywaji kilichomiminwa kwenye glasi ya umbo la V kiliitwa hivyo. Ndani yake hamna jini (pombe kali ya mreteni) wala vermuti (divai yenye viungo), vitu viwili vinavyotengeneza martini ya asili. Kipimo cha chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, IBA, ni vodka mililita 50, Kahlúa (likeri ya kahawa, yaani pombe tamu yenye ladha ya kahawa) mililita 30, shira ya sukari mililita 10 na espreso moja nzito, yaani kahawa iliyokamuliwa kwa shinikizo la mashine. Sisi tunaanza na kahawa nyingi zaidi na likeri pungufu, kwa sababu tunachokitafuta ni povu na ladha ya kahawa:

vodka ya asilimia 40, mililita 50
likeri ya kahawa, mililita 20
shira (sukari na maji, uzito sawa kwa sawa), mililita 10
espreso, gramu 36, iliyotoka kwenye gramu 18 za kahawa iliyosagwa
barafu, gramu 150

Kanuni ya kazi: kila jaribio libadilishe kitu kimoja tu.

Siku ya 1. Kipimo cha msingi

Vifaa: mashine ya espreso, mashine ya kusagia kahawa, mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kipimajoto cha jikoni, chombo cha kutikisia cha vikombe viwili vya chuma, chujio la baa lenye waya wa kujikunja, chujio la chai, na glasi za mililita 180. Glasi ndogo kuliko hiyo haifai. Mchanganyiko una mililita 116 kabla ya barafu kuyeyuka, na povu nalo linataka nafasi yake.

Kila kitu kilikuwa na joto la chumba, nyuzi 25, isipokuwa kahawa iliyotoka moja kwa moja kwenye mashine ikiwa na nyuzi 70 hivi ilipofika kikombeni. Tukatikisa sekunde 15. Povu lilipanda vizuri, kimo cha kidole. Kinywaji kilikuwa na ladha ya kahawa iliyosahaulika kwenye barafu.

Maji yaliyoongezeka tunayapima hivi: pima uzito wa vimiminika kabla ya kutia barafu, kisha pima uzito wa kilichomiminwa kwenye glasi. Tofauti ni maji ya barafu, ukitoa matone machache yanayobaki chomboni. Leo tofauti ilizidi gramu 50.

Hesabu yenyewe inasema hivyohivyo. Gramu moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza joto linalotosha kupoza gramu 80 za maji kwa nyuzi moja. Mchanganyiko wetu, kahawa ikiwa ya moto na vingine vikiwa na joto la chumba, unakutana kwenye nyuzi 40 hivi. Kuufikisha nyuzi 0 kunahitaji joto la takriban gramu 55 za barafu, karibu nusu ya uzito wa kinywaji chenyewe. Hakuna ufundi wa mkono utakaofuta hesabu hiyo. Joto linapaswa kuondolewa kabla ya barafu kuguswa, na hilo ndilo litakalotushughulisha siku ya 5.

Siku ya 2. Povu linatoka wapi

Vyombo vitatu, barafu ileile, sekunde zilezile.

Cha kwanza: vodka, likeri, shira, na maji mahali pa kahawa. Kilitoa viputo vikubwa vilivyopasuka kabla glasi haijatulia mezani. Cha pili: espreso, shira na barafu tu, bila tone la pombe. Hiki Waitaliano wanakiita shakerato na wanakinywa siku za joto. Kilitoa povu zito kuliko yote, laini kama sufi. Cha tatu: kokteli kamili. Povu lake lilikuwa zuri, ila jepesi kidogo kuliko la cha pili.

Kwa hiyo povu ni la kahawa. Ndani ya espreso mna protini, mna sukari za minyororo mirefu zilizotoka kwenye punje, na mna melanoidini, yaani zile chembe za kahawia zinazozaliwa kahawa inapokaangwa. Hizo zinajipanga kwenye ukuta wa kiputo na kuushikilia usipasuke. Pombe inaulegeza ukuta huo. Mafuta ya kahawa yanaulegeza zaidi. Ushauri wa kuongeza vodka ili kinywaji kitoe povu umekaa kichwa chini miguu juu, na anayeufuata ataongeza ulevi tu.

Jambo jingine kuhusu mafuta: chombo kilichotumika kwa maziwa au krimu kisha kikasuuzwa kwa maji baridi peke yake kinaua povu. Kioshe kwa maji ya moto na sabuni, suuza mpaka sabuni yote itoke, kianike kikauke. Glasi vilevile. Alama za vidole kwenye ukingo wa ndani zinatosha kutoboa povu upande mmoja.

Siku ya 4. Umri wa kahawa

Hapa ndipo palipotushangaza kuliko kwingine kote.

Kahawa ikishakaangwa hubaki na hewa ya kaboni dayoksaidi ndani ya punje, na hewa hiyo huvuja polepole kwa siku na wiki. Espreso inapotengenezwa kwa shinikizo la bari 9 (mara tisa hivi ya shinikizo la hewa ya kawaida), hewa iliyobaki huyeyuka kwenye kimiminika na kutoka kama viputo vidogo sana mara shinikizo linapoondoka. Ndiyo krema, lile tabaka la hudhurungi juu ya kikombe. Viputo hivyo vidogo ni mbegu za povu la kokteli. Kutikisa kunaongeza hewa juu ya msingi ambao tayari upo.

Tulilinganisha punje za aina moja: zilizokaangwa siku 9 zilizopita, na zilizokaa miezi mitano kwenye mfuko uliofunguliwa. Zote gramu 18 kutoa gramu 36 kwa sekunde 28, baada ya kurekebisha usagaji (zile za zamani zilipita haraka mno, ikabidi zisagwe laini zaidi). Za zamani zilitoa krema nyembamba iliyopauka. Katika glasi, povu lake lilifungua shimo katikati kabla ya dakika tatu. Za siku 9 zilibeba punje zote tatu mpaka tulipochoka kuangalia.

Kahawa iliyokaangwa karibuni mno nayo ina kasoro yake. Ikitumika siku moja au mbili baada ya kukaangwa, hewa ni nyingi mno: espreso inatoka ikitapika viputo vikubwa, maji hayapiti sawasawa kwenye unga, na ladha ni kali yenye uchachu. Ipumzike siku 5 hadi 14, mfuko ukiwa umefungwa, mbali na joto na mwanga.

Kuhusu aina: robusta inatoa krema nene kuliko arabika, mojawapo ya sababu ikiwa ni uchache wa mafuta yake. Ina kafeini karibu maradufu pia, na ukali unaokumbusha mkate ulioungua. Mchanganyiko wa robusta sehemu moja kwa arabika sehemu nne unatosha. Kukaanga kuwe kwa wastani kuelekea weusi. Punje zinazong'aa mafuta juu zisinunuliwe kwa kazi hii, hata kama harufu yake inavutia. Mafuta yale yanayong'aa ndiyo yatakayotoboa povu.

Siku ya 5. Joto, na tatizo la kusubiri

Dawa ya kwanza inayomjia kila mtu ni kuiacha kahawa ipoe. Tulijaribu. Ikipoa hadi nyuzi 25 juu ya kaunta, barafu inayohitajika kufika nyuzi 0 inashuka hadi gramu 34 hivi, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini kupoa kunachukua muda, na krema haisubiri mtu. Tulipoitia chomboni tabaka lilikuwa limekwisha, harufu nayo imepungua. Povu lilipatikana, ila lenye viputo vikubwa.

Kuzamisha kikombe kwenye bakuli la maji ya barafu kunapunguza muda lakini hakuokoi krema.

Njia iliyofaa ni kuiachia vodka kazi ya kupoza. Vodka ya asilimia 40 haigandi kwenye friza ya nyumbani ya nyuzi 18 chini ya sifuri, inakuwa nzito tu kama mafuta ya kupikia. Likeri na shira zikae kwenye friji. Mimina vyote vitatu chomboni kwanza, kisha toa espreso na uimwage humo papo hapo, krema na yote. Mchanganyiko unatua kwenye nyuzi 16 hivi kwa sekunde mbili. Barafu inayohitajika kufika nyuzi 0 ni gramu 22 badala ya 55. Tumepata upoaji wote wa kusubiri, na zaidi, bila kusubiri.

Kosa linalofanyika hapa: kumwaga kahawa ya moto juu ya barafu kwanza, kisha vodka. Barafu inachukua pigo lote la joto na tumerudi siku ya 1. Utaratibu ni baridi kwanza, moto pili, barafu mwisho.

Tahadhari ya usalama. Usifunge kahawa ya moto kwenye chombo bila barafu na kuitikisa. Hewa ya ndani inapashwa ghafla, inatanuka, na kikombe cha juu kinaruka na kumwagia mtu kahawa ya moto usoni.

Siku ya 7. Barafu

Barafu iliyotoka friza sasa hivi, kavu, inayonata kidogo kwenye vidole, si sawa na barafu iliyokaa bakulini dakika kumi ikang'aa maji. Gramu 150 za barafu yenye nyuzi 18 chini ya sifuri zinafyonza, kabla hata ya kuanza kuyeyuka, joto sawa na la kuyeyusha gramu 17. Barafu iliyolowa haina akiba hiyo, tena inaingia chomboni na maji yake ya juu. Tulipima zote mbili kwa kipimo cha siku ya 5: barafu iliyolowa ilitoa kinywaji chepesi ambacho hata hakikufikia baridi ya kile cha barafu kavu.

Ukubwa: vipande vya sentimita 3 kutoka kwenye kalibu la kawaida vinafaa. Barafu iliyopondwa inayeyuka mara moja na kuacha chembe kwenye povu. Kipande kimoja kikubwa cha sentimita 5 pamoja na viwili vidogo kilitoa povu lenye viputo vidogo kuliko yote, kwa sababu kile kikubwa kinapiga kimiminika kama pistoni kikienda juu na chini. Si lazima, lakini mwenye kalibu kubwa alitumie.

Muda: sekunde 8 hazitoshi, povu linakuwa jembamba. Sekunde 12 hadi 15 kwa nguvu, chombo kikienda urefu wote wa mkono, ndipo penyewe. Kufika sekunde 25 povu halikuongezeka kwa kiasi kinachoonekana, na maji yaliongezeka. Dalili ya kuamini kuliko saa: ukungu mweupe unaoganda nje ya chuma, na mlio wa barafu unaobadilika kutoka kugonga hadi kufifia, kwa kuwa imezungukwa na povu.

Kumimina. Fungua na umimine mara hiyohiyo. Chombo kikikaa hata nusu dakika, povu linapanda juu na kimiminika kinatangulia kutoka, povu linabaki limeng'ang'ania barafu. Chujio la baa pamoja na chujio la chai chini yake vinazuia vipande vya barafu na kuvunja viputo vikubwa. Kuna wanaosema chujio la chai linapunguza povu. Linapunguza kidogo kimo chake, ni kweli, ila linalobaki ni laini na linadumu, nasi tunalitumia. Mwishoni pigapiga ukingo wa chombo ili povu lililobaki lishuke.

Glasi iwe imekaa friza dakika 15. Mara baada ya kumimina kinywaji chote kina rangi moja ya maziwa ya kahawa, kisha weusi unapanda kutoka chini taratibu na povu linajitenga juu. Usiweke punje kabla ya hilo kwisha, dakika moja hivi. Zikiwekwa mapema zinazama, na mtu anadhani povu limemshinda.

Siku ya 8. Utamu

Shira inafanya kazi mbili: inatuliza ukali, na inafanya kimiminika kiwe kizito ili kisichuruzike haraka kutoka kati ya viputo. Bila shira kabisa povu lilikauka na kupasuka mapema. Tukiongeza hadi mililita 20 povu lilidumu zaidi, lakini kinywaji kikawa peremende. Mililita 10 zibaki. Kwa likeri iliyo tamu sana, mililita 5. Likeri zinatofautiana mno kwa sukari, kwa hiyo onja yako peke yake kwanza.

Sukari ya punje isitiwe moja kwa moja. Haiyeyuki vizuri kwenye mchanganyiko wa baridi na inabaki kama mchanga chini ya glasi. Ukipenda kuitumia, ikoroge kwenye espreso ikiwa ya moto, ukijua kwamba kukoroga kunavunja krema.

Chumvi: gramu 20 kwenye mililita 80 za maji, kwenye chupa ya matone. Matone mawili kwa glasi. Uchungu unashuka na harufu ya kahawa inasogea mbele. Matone matano tayari yanaleta ladha ya chumvi.

Siku ya 10. Jiko lisilo na mashine

Siku hii ilistahili muda, kwa sababu walio wengi hawana mashine ya espreso, na maelekezo mengi yanawaambia watumie kahawa yoyote nzito, basi. Si kweli kwamba yoyote inafaa.

Birika la moka, lile la jikoni linalosukuma maji kwa mvuke kupita kwenye unga wa kahawa, linafanya kazi kwa shinikizo la bari 1 hadi 1.5. Halitoi krema ya kweli. Kile kinachotokota mwishoni ni mvuke na uchungu. Jaza maji ya moto chini, unga usagwe kati ya wa espreso na wa chujio la karatasi, usishindiliwe, moto mdogo. Ondoa birika mara rangi inapoanza kupauka, kabla halijaguruma. Tumia gramu 40. Povu lake kwa kipimo chetu lilikuwa nusu ya la mashine.

AeroPress (bomba la kukamulia kahawa kwa kusukuma kwa mkono) yenye karatasi: gramu 18 za unga laini, maji gramu 60 ya nyuzi 90, koroga sekunde 10, subiri dakika moja, kandamiza polepole. Unapata gramu 35 hadi 40 za kahawa nzito isiyo na mafuta, kwa kuwa karatasi imeyabakiza. Hakuna krema, lakini povu la kutikisa ni zuri kuliko la moka na ladha ni safi.

Kahawa iliyolowekwa kwa maji baridi, sehemu moja ya kahawa kwa tano za maji, saa 16 kwenye friji: joto si tatizo tena, na ladha ni laini. Povu ni la kukatisha tamaa, viputo vikubwa visivyodumu.

Kisha kahawa ya kuyeyuka, ile ya kopo, ambayo wapenda kahawa wengi hawataki hata kuisikia. Kwa povu, iliishinda kila kitu kisichokuwa mashine. Haikupaswa kutushangaza: kahawa ya kopo, sukari na maji ya moto, vijiko viwiliviwili, vikipigwa kwa mchapo vinasimama kama krimu, nayo ni dalgona iliyoenea duniani mwaka 2020. Kiwandani kahawa hiyo hukamuliwa kwa nguvu hadi sukari za minyororo mirefu zitoke kwa wingi, na ndizo zinazoshikilia viputo. Gramu 4 kwenye mililita 35 za maji ya moto, koroga, poza. Povu zuri, ladha bapa yenye uchungu mmoja.

Suluhisho letu ni ndoa ya mbili: gramu 40 za moka, na gramu moja tu ya kahawa ya kopo iliyokorogwa humo ikiwa ya moto. Ladha inabaki ya moka, povu linakaribia la mashine. Na kwa kuwa hakuna krema ya kulinda, kahawa hii iache ipoe kabisa kwenye friji kabla ya kutikisa. Kwa asiye na mashine, anzia hapa.

Siku ya 11. Viongezi

Ute mweupe wa yai, mililita 15, unatikiswa bila barafu kwanza (kahawa ikiwa imepoa), kisha na barafu. Povu ni refu na gumu, limepauka, na linafunika harufu. Mtu ananusa yai kabla ya kahawa. Yai bichi lina hatari ya salmonela pia, kwa hiyo likitumika liwe lililopasteshwa, yaani lililopashwa moto kuua vijidudu. Maji ya dengu zilizochemshwa, mililita 20, yanafanya kazi kama hiyo bila yai. Vyote viwili tumeviondoa kwenye mradi. Kahawa yenye umri sahihi haivihitaji, na iliyochakaa haiponywi navyo ladha.

Siku ya 13. Chupa ya friza kwa glasi sita

Vodka mililita 300, likeri 120, shira 60. Jumla 480 kwenye chupa safi, friza usiku kucha. Kila glasi ni mililita 80 za chupa na gramu 36 za espreso mpya. Kahawa haiingii kwenye chupa kamwe: ikilala inapoteza hewa na inapata ladha ya uchachu mzito.

Pombe ndani ya chupa ni kama asilimia 30, kwa hiyo kwenye friza kali inaweza kuanza kushika uji wa barafu. Igeuzegeuze kabla ya kumimina, la sivyo glasi ya kwanza itakuwa kali na ya mwisho maji.

Hapa tulikosea upande wa pili. Chupa ikiwa na nyuzi 18 chini ya sifuri, mchanganyiko na kahawa ya moto unatua nyuzi 11 tu, na gramu 15 za barafu zinatosha kuufikisha sifuri. Kwa barafu kavu, kilichotoka kilikuwa baridi, chenye povu zuri, na kikali kiasi cha kuchoma koo. Siku 12 tulikuwa tunayafukuza maji, na sasa yamepungua. Maji ni kiungo cha kokteli kama vingine. Kinachotakiwa ni kipimo chake. Dawa: mililita 20 za maji baridi ya kunywa zitiwe chomboni pamoja na mililita 80 za chupa, kabla ya kahawa. Yasitiwe kwenye chupa, yataganda.

Glasi mbili kwa chombo kimoja inawezekana, barafu gramu 250, chombo kisijae zaidi ya theluthi mbili. Tatu haiwezekani. Hakuna nafasi ya hewa, na bila hewa hakuna povu. Unapomimina glasi mbili, gawa nusu kwa nusu kwa kupokezana, kwa sababu povu zito linatoka mwishoni na glasi ya pili italichukua lote.

Siku ya 16. Toleo lisilo na pombe

Espreso gramu 36, shira mililita 15, maji baridi mililita 30, matone mawili ya chumvi, barafu gramu 150. Vodka ya kupoza haipo, kwa hiyo shira na maji vikae kwenye friji na chombo chenyewe kikae friza dakika 20. Sekunde 12. Povu linazidi la kokteli kamili, kama siku ya 2 ilivyoonyesha. Shira iliyochemshwa na ganda la chungwa dakika tano inajaza pengo la ladha lililoachwa na likeri.

Kwa toleo lenye pombe, kila glasi ina mililita 24 hivi za pombe tupu pamoja na espreso maradufu. Kafeini haipunguzi pombe mwilini. Inamficha mnywaji usingizi na uchovu ambao ungemwambia aache. Tumeandika kwenye chupa ya friza idadi ya glasi na tarehe, na kwa mgeni wa jioni tunatumia punje zilizoondolewa kafeini. Krema yake ni nyembamba na inazeeka haraka, hivyo zisagwe ndani ya wiki mbili za kukaangwa.

Kilichobaki kwenye orodha: kujaribu robusta nusu kwa nusu na arabika, shira ikipanda hadi mililita 12 ili kukabili ukali wake. Punje zilikaangwa jana. Zinafunguliwa siku ya 24.